Mchele wa Amana

Kabla ya tovuti kuwapo, na kabla ya mwongozo wake kutufikia, hali ya makumbusho yetu ya Kasongo ilikuwa hii. Tulikuwa na chumba kimoja cha matofali ya kuchoma, kilichowahi kuwa ghala la mfanyabiashara wa chumvi na vitambaa, chenye baraza mbele na dirisha la mbao ambalo halikufunga sawasawa. Ndani kulikuwa na rafu, na juu ya rafu vitu: majembe ya zamani, vyungu, sahani za kaure zilizofika na misafara ya karne ya kumi na tisa, mbao za kuandikia aya za Kurani, mlango wa nakshi uliobaki peke yake baada ya nyumba yake kuanguka, na kiti nitakachokieleza baadaye. Kamati iliyovitunza ilikuwa ya walimu wastaafu na wafanyabiashara wachache, Waislamu na Wakristo, watu waliopatana kwa mambo mengi isipokuwa nani afagie. Umeme haukuwapo. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, na kila kikaratasi nilikiandika mimi.

Nilianza chuo cha Kurani, kisha nikapelekwa shule ya mapadri, ambako nilifundishwa Kilatini na walimu walioamini kwamba sentensi ni jengo, na kwamba anayeacha nguzo nje ama ni mvivu ama ana jambo analolificha. Vikaratasi vyangu vilijengwa kwa imani hiyo. Vilisema kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, nani alikileta, na nani aliyeniambia hayo yote. Pale nisipojua, niliandika kwamba sijui. Wageni walikuwa wachache, lakini hakuna aliyewahi kulalamika kwamba vilikuwa virefu.

Jambo la mwisho katika hali hiyo ni amana, nami namwomba msomaji anivumilie hapa, kwa sababu bila hili yaliyofuata hayaeleweki. Miaka ya vita, jamaa za upande wa Kabambare zilipokimbia, ziliacha vitu vyao vizito Kasongo, katika nyumba za wafanyabiashara waliofahamiana nao tangu enzi za babu zao. Amana kwetu haiandikwi. Mwenye kitu hukileta kimefungwa kwa nguo, mtunzaji hukipokea mbele ya watu wa nyumba yake, na tangu hapo, kila mavuno, mwenye kitu hupeleka kikapu cha mpunga wa kwanza uliokwisha kutwangwa. Huo huitwa mchele wa amana. Si kodi, wala si shukrani. Maana yake ni kwamba kitu kina mwenyewe, na mwenyewe yu hai na anakumbuka. Mtunzaji akiupika na kuula, amejibu bila kufungua kinywa kwa maneno: najua kitu si changu. Akitaka kubisha, hukirudisha kikapu bila kukifungua. Sijawahi kusikia kikapu kilichorudishwa.

Kiti chenyewe kilikuwa cha ukoo mmoja wa Wamaza, huko upande wa Kabambare: kigoda kilichochongwa katika gogo moja, kizito kuliko ukubwa wake, na misumari ya shaba imezunguka ukingo. Hakikaliwi ovyo. Hukaliwa siku moja tu, siku mkubwa mpya wa ukoo anaposimikwa, kisha hufungwa tena. Mfanyabiashara aliyekipokea miaka ya vita alipofariki, binti yake, muuza vitambaa sokoni, alirithi nyumba pamoja na amana zake. Paa lake lilipoanza kuvuja alituomba tukiweke kiti katika chumba chetu kikavu. Maneno yake nayakumbuka yote, kwa kuwa yalikuwa machache.

“Hii si yangu,” alisema, “na kwenu haitakuwa yenu. Muchele utakuja.”

Mchele ulikuja, msimu huo na misimu iliyofuata. Kamati iliupika barazani na kuula kwa samaki wa mto Lualaba. Nami nilikula, nikijua ninachokula. Sikupata kujiuliza kama wenzangu nao walijua.

Hapo ndipo mwongozo ulipowasili.

Ofisi fulani ya mji mkuu ilikuwa imeamua kuzikusanya habari za makumbusho madogo ya nchi katika tovuti moja, na mwenyekiti wetu, aliyekuwa mkaguzi wa shule na ambaye sote tulimwita Prezida, alitia saini kwa niaba yetu kabla hajasoma anachokitia saini. Pamoja na mkataba ulikuja mwongozo wa uandishi, kurasa nyingi, wa namna ya kueleza kila kitu ili kipendeze machoni pa msomaji wa mtandao. Niliusoma wote, tena mara zaidi ya moja. Sina ugomvi na kanuni. Nimeishi kwa kanuni za sarufi na za kutawadha, na zote mbili zimenifaa. Ugomvi wangu ni na kanuni zilizoandikwa na mtu ambaye hajawahi kukutana na kitu.

Mwongozo ulisema: andika kana kwamba unazungumza na rafiki. Rafiki zangu, ninapozungumza nao, hawanikatizi kwa rangi nyekundu. Ulisema: tumia “sisi” na “yetu”, ili msomaji aone ukarimu wa makumbusho. Ulisema: usitumie “labda”, wala “inasemekana”, wala “haijulikani”, kwa kuwa maneno hayo humvunja msomaji moyo. Basi chungu ambacho mfinyanzi wake hajulikani niandikeje? Jibu lilikuwa katika ukurasa uliofuata: elekeza maelezo kwenye uzuri wa kitu. Ulisema pia, na hili lilinikera kuliko yote: epuka sentensi za kukanusha, msomaji anataka kujua kitu ni nini, si kitu si nini. Yeyote aliyewahi kugawana shamba na ndugu zake atakuambia kwamba mara nyingi jambo la kwanza linalotakiwa kuwekwa wazi ni lile ambalo si.

Sitautendea mwongozo dhuluma. Ilikuwamo kanuni moja njema, imefichwa karibu na mwisho baina ya ukubwa wa picha na aina ya herufi: kila habari itajwe imetoka kwa nani. Niliipigia mstari. Nadhani katika nchi nzima ni mimi peke yangu niliyefanya hivyo.

Tovuti tuliifikia kupitia kwa mwanamke mwenye sekretariati, yaani chumba cha kuchapia barua, karibu na soko. Alikuwa na paneli za jua, antena juu ya paa, na kompyuta aliyoifunika kwa kitambaa cha maua kila alipotoka. Aliandikia watu barua za kazi na kuchaji simu zao, na alinipenda kwa namna mtu anavyompenda mteja anayemchosha.

“Mwalimu, maneno imepita.”

“Yamepita wapi?”

“Kipimo. Angalia, inageuka nyekundu. Ile mashini imeshiba.”

“Bado sijafika kwenye kitenzi.”

“Weka kitenzi mbele, mwalimu. Watu wengine wote wanaweka mbele.”

Tulikata. Kwa mlango wa nakshi tulikata jina la mti, kisha fundi, kisha habari ya nyumba iliyoanguka, mpaka ukabaki mlango mzuri usiotoka popote wala kuingia popote. Kisha ramani. Orodha ya miji iliyokuwa ndani ya tovuti ilikuwa na Kasongo moja tu, nayo ni Kasongo-Lunda, mbali kabisa magharibi mwa nchi, kwa watu ambao hatujawahi hata kugombana nao. Vitu vyetu vyote vilihamishwa huko kwa kubonyeza mara moja. Niliandika kulalamika. Nilijibiwa kwamba maoni yangu ni ya thamani.

Zamu ya kiti ilipofika, nilikuta nafasi iliyoitwa “Njia ya kupatikana”. Chini yake kulikuwa na maneno ya kuchagua: zawadi, ununuzi, wasia, mabadilishano, uchimbaji. Amana haikuwamo. Niliuacha mstari mtupu, lakini mashine haikukubali mstari mtupu. Nilirudi kwenye mwongozo, nao ulisema bila kusita kwamba vitu visivyo mali ya makumbusho visichapishwe. Hapo, kwa mara ya kwanza, mimi na mwongozo tulikubaliana. Nililipeleka jambo hilo kwenye kamati: kiti kisichapishwe.

Prezida hakufurahi. Ofisi ya mji mkuu ilikuwa imeahidi kuchukua kitu kimoja kutoka kila makumbusho na kukiweka ukurasa wa mbele, naye alikuwa amekwisha kuchagua.

“Kiti ndiyo uso yetu,” alisema. “Unataka tuweke jembe?”

“Jembe ni letu.”

“Mwalimu, weye unaandika kama mutu mwenye hataki kumaliza. Chagua zawadi, ni neno nzuri. Wametuletea kiti, wanatuletea na muchele juu yake. Kama hiyo si zawadi, zawadi ni nini?”

Nilimweleza mchele ulikuwa nini. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mkaguzi: kichwa kimeinama, kalamu mkononi, akili imekwisha kufika kwenye shule inayofuata. Alikuwa mtu wa jamaa ya wakulima Wakristo wa kando ya mji, na jamaa yake, kwa kuwa walikaa karibu na mashamba yao hata wakati wa vita, hawakuwahi kuweka amana mjini wala kupokea. Miaka yake mingine aliikaa mbali. Hakuna aliyenijibu, nami nikadhani nimeshinda. Kisha nikaenda Kabambare kumzika shemeji yangu, na barabara ikanichelewesha, kama ilivyo desturi yake.

Niliporudi, kiti kilikuwa ukurasa wa mbele wa tovuti. Kilikuwa kimefunguliwa nguo na kupigwa picha juu ya shuka jeupe, misumari inang'aa. Chini yake iliandikwa: “Kutana na kiti chetu cha kifalme. Zawadi ya familia ya Wamaza.” Katika maneno hayo machache nilihesabu uongo katika kila neno isipokuwa “kiti” na “Wamaza”. Niliketi kwenye sekretariati nikatazama skrini mpaka mwenye sekretariati akaniletea chai bila kuombwa.

“Ni mimi nilibonyeza,” alisema. “Prezida alisimama hapa, nyuma yangu. Mie ni mutu wa kubonyeza tu, mwalimu.”

“Futa.”

“Haifutwi kutoka hapa. Ikishapanda, ni wao kule. Sisi tunaweza kugusa haya maelezo ya chini peke yake, na kwa ile neno la siri ya Prezida.”

Niliandika mji mkuu. Mvua kubwa ikaharibu antena, antena ikatengenezwa, nikaandika tena. Kabla jibu halijafika, mavuno yakafika.

Nilikuwa barazani mama wa Wamaza aliposhuka kwenye pikipiki. Nilimfahamu vizuri: ni yeye aliyeleta mchele kila mwaka, mjane mrefu, bega moja juu kidogo kuliko jingine kwa ajili ya mizigo ya maisha yake, binti wa mkubwa wa mwisho aliyekalia kiti kile. Nilitazama mikono yake kabla sijatazama uso. Ilikuwa mitupu.

“Karibu, mama.”

“Nitakaribia nikijua naingia kwa nani.”

“Mpunga haukuiva mwaka huu?” Niliuliza kwa adabu tu, jibu nilikuwa nalo.

“Uliiva. Muchele iko nyumbani. Kitu ya zawadi haikuliwi muchele.”

Nilimwekea kiti cha plastiki. Alikitazama, akanitazama, akaketi kwenye ngazi.

Alieleza bila kupandisha sauti. Baba yake alikufa wakati wa vita, na tangu hapo ukoo haukuwa na mkubwa. Mwaka huo matawi yake mawili, lililokaa Wamaza na lililokaa Lusangi, yalikuwa yamekubaliana: mtoto wa kaka yake atasimikwa, na siku ilikuwa imewekwa, kabla ya kupanda. Mashamba yaliyo kati ya matawi hayo mawili yalikuwa yanangoja mtu wa kuyagawa. Kisha mtu wa Lusangi alimwonyesha simu.

“Kiti iko pale inang'aa kama sahani ya arusi. Uchi. Chini wameandika zawadi. Akaniuliza, mama, uliwapa? Kwa ruhusa ya nani? Nikamwambia, niliweka. Akasema, hapa hawaandiki uliweka, wanaandika ulitoa, na hawa ni watu wamesoma. Lusangi wanasema mwenye kutoa kiti ametoa na ukubwa. Hawatakuja. Watoto wao wakiniona njiani wananiita Mama Zawadi. Ni jina nzuri kwa mutoto wa kike. Kwangu ni matusi.”

Nilimwambia kiti kimo ndani, kiko salama, nguo yake niliirudisha kwa mikono yangu mwenyewe, akichukue leo hii, nami nitajibu lolote.

“Mwalimu, hapana. Nikibeba leo, watasema nilikwenda kuomba. Kiti ya kuombwa haikaliwi. Waliona pale kwa telefone, lazima waone pale pale kwamba si zawadi. Kisha nitabeba kama mutu anayebeba kitu yake.”

Nilimtuma mwendesha pikipiki akamwite Prezida. Alikuja amevaa koti, na alipomwona mama kwenye ngazi alifikiri, kama alivyofikiri kila mwaka, kwamba ni siku ya chakula.

“Mama, karibu sana. Leo tuko na samaki nzuri.”

“Samaki mutakula na nini?”

Alitafuta kikapu kwa macho, hakukiona, akanigeukia. Nilimweleza kwa sentensi fupi kadiri nilivyoweza, na kwa mara ya kwanza mwongozo ungenisifu. Alisikitika kweli, hakuwa mtu mbaya. Lakini alisema hawezi. Kama tukiandika kwamba kiti si chetu, watu wa mji mkuu watasema tumechapisha kitu cha watu, watatutoa, na makumbusho yatarudi kuwa chumba chenye dirisha lisilofungwa. Neno la siri lilikuwa kwake, na alitaka libaki siri.

“Papa, ule muchele mulikula?” mama aliuliza.

“Tulikula, mama. Aksanti.”

“Kila mwaka?”

“Kila mwaka.”

“Mulikula mukifikiri ni nini?”

Prezida alifikiri kwa uaminifu. “Tulifikiri ni muchele.”

Nilitazama kando. Mwendesha pikipiki, aliyekuwa anafuta kioo cha taa yake kwa bidii, alitazama kando pia.

“Sawa,” mama alisema. “Mie nilipeleka muchele kwa mutu anayenitunzia kitu. Kama kitu ni yenu, hamukuwa munanitunzia, na muchele haikuwa yenu. Munirudishie.”

“Tutakununulia mwingine, mama. Hata leo.”

“Sitaki mwingine. Ule ule.”

“Ule ule tulikula.”

“Basi kiti ni yangu. Mutu hawezi kukula muchele ya amana na kukula amana yenyewe. Chagua moja, Prezida. Nyingine irudi.”

Prezida aliishika sehemu ya koti iliyokuwa juu ya tumbo, kana kwamba anapima kama yawezekana kuurudisha. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyenaswa na hana kinyongo, akavua koti. “Twende kwa ile mashini,” alisema.

Tulikwenda wanne, mwendesha pikipiki akiwa wa nne bila kualikwa. Mwenye sekretariati aliondoa kitambaa cha maua. Prezida alinong'ona neno lake la siri sikioni mwake, naye akaliandika bila kubadilisha uso, jambo ambalo nilimheshimu kwalo. Nafasi ya maelezo ilifunguka, ndogo, na chini yake kihesabu cha maneno kikingoja.

Juu yake neno “Zawadi” lilibaki kama lilivyo, kwa kuwa hatukuwa na ruhusa ya kuligusa. Maelezo tu ndiyo yaliyokuwa yetu. Nilifuta “kutana”, “chetu” na “cha kifalme”. Kisha nikamwambia mwenye sekretariati aandike: Kiti hiki si mali ya makumbusho.

“Inaanza na si,” alisema. “Wale walikataza.”

“Andika.”

Niliendelea kutamka, na mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika kwenye aina ya mti, kihesabu kikageuka nyekundu. Nilitoa mti. Nilitoa misumari ya shaba, nilitoa ukingo, nilitoa sentensi nzima juu ya uchongaji ambayo nilikuwa nimeitengeneza miaka iliyopita kwa ajili ya kikaratasi, na ambayo hata leo naiona ni nzuri. Sikuona uchungu niliotazamia.

“Muchele umeandika?” mama aliuliza.

“Nimesema ni amana.”

“Amana kila mutu anaweza kusema. Andika mulikula.”

Prezida alijikuna shingo. “Mama, mbele ya mji mkuu? Lazima?”

“Mulikula ao hamukula?”

“Tulikula.”

“Basi si aibu. Aibu ni kukula na kukana.”

Niliandika. Na kwa kuwa mwongozo ulikuwa na ile kanuni yake moja njema, niliitii kikamilifu. Maelezo yalipokwisha yalisomeka hivi: “Kiti hiki si mali ya makumbusho. Ni amana ya ukoo mmoja wa Wamaza, iliyowekwa Kasongo wakati wa vita. Neno ‘zawadi’ lililo hapo juu ni kosa. Tovuti haikutupa neno jingine. Mchele wa amana uliletwa kila mavuno, na kamati ya makumbusho iliula. Haya yamesemwa na mwenye kiti, na muuza vitambaa aliyekileta kwetu, na kamati yenyewe.” Kwa muuza vitambaa tulikuwa tumepita sokoni kwanza, maana sikutaka kumtaja bila kumuuliza. Alikuwa anapima kitenge kwa mteja na hakuacha kupima. “Niliwaambia siku ile,” alisema.

Mwenye sekretariati alibonyeza. Tulingoja. Mtandao wetu una tabia ya kufikiri kabla ya kukubali, na katika kungoja huko nilimwona mama kwa mara ya kwanza akiwa na hofu: vidole vyake vilikuwa vinakunja pindo la kitenge, vinakunjua, vinakunja. Ukurasa ulipopanda, alichukua simu yake ndogo akampigia yule mtu wa Lusangi, akamwambia afungue pale alipofungua siku ile. Mwenye sekretariati alimsaidia kuweka sauti ya nje.

Tulimsikia akisoma, polepole, neno baada ya neno, na watu nyuma yake wakimwambia arudie. Alirudia. Alipofika kwenye mchele, alisimama.

“Mama, kuko mutu wa ile komite hapo?”

“Iko Prezida wao.”

“Papa Prezida. Ule muchele mulikula kweli?”

Prezida aliisogelea simu kama mtu anayekwenda kuapa. “Tulikula.”

“Pamoja na ukoko?”

“Hata ukoko.”

Kukawa na kicheko upande wa pili, si cha mtu mmoja, kisha sauti ya mzee ambayo hatukuwa tumeisikia ikasema kitu kwa Kibangubangu, na mama akajibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa urefu. Alipokata simu alijifunga kitenge upya.

“Watakuja,” alisema.

Kiti tulikifunga kwenye pikipiki kwa kamba za mpira, kikiwa ndani ya nguo yake, na mama akaketi nyuma akikishika kwa mkono mmoja. Prezida alimpa samaki wa njiani, wamefungwa kwa majani. Kikaratasi changu nilikikata kwenye uzi nikampa, kwa kuwa kilikuwa na jina la baba yake. Hakukisoma. Alikitia kwenye fundo la kitenge, mahali anapotia vitu vya kutopotea.

Jibu la mji mkuu lilifika majuma kadhaa baadaye. Lilisema maelezo ya kiti yamevunja mwongozo kwa kuanza na kanusho, kwa kutoeleza umbo la kitu, kwa kupingana na nafasi iliyo juu yake, na kwa kutaja chakula. Ukurasa ulikuwa umefutwa. Waliomba tupendekeze kitu kingine cha ukurasa wa mbele, chenye mvuto. Tulipeleka jembe. Liko huko hadi leo, katika Kasongo-Lunda.

Mtoto wa kaka yake mama alisimikwa kabla ya kupanda, na watu wa Lusangi walikuwapo. Mavuno yaliyofuata hatukuletewa mchele.